Puto la Darasa la Pili

Mkobani nina maputo mekundu,
ya sherehe, ya bei rahisi,
na kipima-sauti nilichokifunga kwa mpira
tangu kianguke kwenye ngazi za manispaa ya Kutaisi.

Natoa watoto nje. Nafunga madirisha.
Napuliza puto mpaka shavu liume,
kisha sindano —
          paa!
na nausikiliza mlio unavyokataa kufa:
unagonga dari, unarudi, unagonga ubao,
unateleza kwenye sakafu ya mawe
iliyosuguliwa na viatu vya miaka sitini.
Sekunde moja na nukta nane.
Waraka unataka nukta sita.

Mwalimu Tsiala amesimama mlangoni, shali shingoni,
sauti imekwaruzika kama sufuria iliyounguza maharage.
"Kila Alhamisi inanitoka," ananong'ona,
"Jumatatu inarudi."
Naandika. Fomu haina kisanduku cha koo.

Ananionyesha dawati la nyuma, la Gvantsa,
mwenye kifaa sikioni, rangi ya karanga,
na ripoti yake: Hasikilizi. Hajitahidi.
Sikio la kufa halisikii dawa, sawa,
lakini nani aliwahi kupima
dawa yenyewe inafika ikiwa na hali gani?

Kijojia chetu hupenda kubananisha konsonanti,
nne, tano, bila irabu ya kupumzikia,
na mwangwi ni mwizi mwenye kuchagua:
irabu huziacha, nono, zinaelea,
konsonanti huzibeba zote.
Tsiala humwambia mtoto *brtskinvale*,
neno la kung'aa, neno la kumsifu,
na linalofika nyuma ni *i, a, e*.
Miaka miwili amesifiwa,
akadhani anafokewa.

Usiku ule nilikesha na baba,
wodi ya upasuaji, ghorofa ya tatu.
Kipimo kilikuwa mfukoni; mkono ukakitoa wenyewe.
Desibeli hamsini na nane, saa nane za usiku:
toroli lenye gurudumu moja linalolia kama bata,
mashine ya jirani ikimwita mtu asiyekuja,
mlango wa chuma, tena mlango wa chuma.
Baba, macho darini:
"Jeshini nililala vizuri kuliko hapa."

Nesi Makvala aliisoma namba juu ya bega langu.
Hakusema kitu. Akaenda jikoni,
akarudi na mafuta ya alizeti kwenye kijiko,
akapiga magoti mbele ya lile gurudumu
kama anayemlisha mgonjwa.
Hamsini na tatu.
Nimesoma viwango vingi;
sijaona kinachotaja kijiko.

Manispaa ikajibu kuhusu shule: bajeti ya mwakani.
Basi mabibi wakaja na magodoro ya sufu,
yale waliyoolewa nayo,
ambayo kila kiangazi huyafumua uani,
wakaifua sufu, wakaichapa kwa fimbo.
Wakayatundika ukuta wa nyuma,
maua ya kitambaa yakitazama ubao.
Darasa likanuka kondoo na sabuni.

Sheria ya moto hairuhusu. Najua.
Nilishika kalamu muda mrefu kuliko inavyofaa,
nikaandika *kwa muda*, nikatia sahihi
ambayo huenda ikanigharimu.
Nikapasua puto la mwisho:
nukta tisa. Bado si sita.
Ila mlio ule ulikaa chini
kama mgeni aliyepewa kiti.

Watoto wakarudi, na baridi kwenye makoti.
Swali la kujumlisha; Gvantsa akajibu.
Tsiala, bila kupaza, bila kukohoa,
akalisema neno lile, na konsonanti zake zote.

Msichana akageuka nyuma
kuona anaambiwa nani.

Nyuma palikuwa na godoro.